Je, Wajua? Breki ya nyuma huganda gari likiwa limelala

Tukuyu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Gari kuukuu likilala nje wiki nzima, breki ya mkono imevutwa, unyevu hupenya chini ya mpira wa vumbi, kutu inashika pistoni na pini, na kalipa (kifaa kinachobana pedi za breki) inaganda. Siku ukiliondoa, gari ni zito kama linaburuta gogo.

Ipime hivi: endesha kilomita chache, simama, kisha sogeza kiganja karibu na rimu za nyuma bila kuzigusa. Inayofuka joto kuliko nyingine ndiyo yenye tatizo.

Mara nyingi mkosaji ni pini tu. Fundi huzichomoa, huzisugua, huzipaka grisi ya silikoni. Tafadhali asipake oili ya injini, kwani hufurisha mipira na kalipa itaganda tena. Na pale ambapo breki ya mkono imo ndani ya kalipa, pistoni nyingi hazirudi kwa kusukumwa; huzungushwa kama skrubu huku zikikandamizwa. Nguvu za klempu huzivunja, na inauma kuona kalipa nzima ikiharibiwa hivyo.

Mafuta ya breki nayo hufyonza maji. Yale mapya ya aina ya DOT 4 huhimili angalau nyuzi 230 za Selsiasi kabla ya kuchemka. Yakishafyonza maji, kiwango hicho hushuka hadi 155. Yabadilishe kila baada ya miaka 2. Kutoka Tukuyu hadi Kyela unateremka karibu mita 1,000, na mafuta yakichemka njiani, pedeli huzama hadi sakafuni.