Kuganda na Kujifuma

Uji wa mahindi uliopikwa Buger, wilayani Karatu, ukipoa husemwa umeganda. Maji yakiwa barafu nayo husemwa yameganda. Neno ni moja, bali mambo ni mawili. Katika barafu maji yenyewe huwa yabisi. Katika uji maji hubaki kiowevu, yamenaswa ndani ya wavu. Wavu huo haufumwi na mtu: minyororo mirefu ya wanga, ambao ni polima, hushikamana yenyewe kwa vifungo hafifu. Uji ukikorogwa, baadhi ya vifungo hukatika, mnato hupungua, nao hutiririka tena. Mwanafunzi anayepewa neno moja kwa yote mawili atapotoka. Kwa hiyo twapendekeza: maji yagande, polima zijifume.