Mita Ni ya Nani? Maji ya Mpangaji wa Guangyuan Xilu

Guangyuan Xilu ni barabara ambayo wafanyabiashara wengi wa Afrika Mashariki wanaijua hata kama hawawezi kuisoma kwa Kichina. Iko upande wa kaskazini wa stesheni kuu ya treni ya Guangzhou, jirani na Sanyuanli. Hapo ndipo lilipo soko la Canaan, na hapo hununuliwa nguo na viatu vya jumla vinavyoishia Kariakoo, Eastleigh na Kampala. Mazungumzo ya pale ni bei, mzigo na kontena. Sisi wanachama tumeamua safari hii kuandika juu ya bidhaa moja isiyopakiwa kwenye kontena, nayo ni maji ya bombani.

Hoja yetu ni hii. Katika miji ya Asia, kama katika miji ya kwetu, bei nafuu iliyoandikwa kwenye sera haimfikii maskini mpaka awe na mita yake mwenyewe. Ndiyo maana tunaona kwamba anayetaka kujua kama sera ya maji inamjali maskini asianzie kwenye jedwali la bei. Aanze kwa kuuliza: mita ni ya nani?

Bomba kubwa lilifika

Guangzhou haina uhaba wa fedha za maji. Mji huu ulianza kujenga mtambo wake wa kwanza wa maji mwanzoni mwa karne ya 20, katika miaka ya mwisho ya utawala wa Qing. Miaka mia moja baadaye tatizo lilikuwa jingine: mito inayopita mjini ilikuwa imechafuka mno. Serikali ikaamua kuyavuta maji kutoka mto Xijiang, upande wa Sanshui, hadi kwenye mitambo inayohudumia magharibi na kaskazini ya mji. Mradi huo uligharimu karibu yuan bilioni 9 na ulikamilika mwaka 2010, kabla ya Michezo ya Asia iliyofanyika hapa Novemba mwaka huo.

Sera ya bei nayo ilifuata. Mwaka 2012 Guangzhou ilianza bei ya ngazi kwa maji ya nyumbani. Kaya iliyotumia hadi uniti 26 kwa mwezi ililipa yuan 1.98 kwa uniti. Ikivuka hapo ililipa yuan 2.97, na ikivuka uniti 34 ililipa yuan 3.96. Kwa wasiozoea hesabu hizi, uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Kwa bei hiyo ya ngazi ya kwanza, ndoo moja haikufika hata senti 5 za yuan. Nia ilikuwa njema: mwenye matumizi madogo alipe kidogo, na mwenye kujaza bwawa la kuogelea alipe zaidi.

Jedwali la bei na funguo za chumba

Sasa tuingie kwenye vichochoro. Sanyuanli na Yaotai ni vijiji vilivyomezwa na jiji. Mashamba yaliondoka, wenyeji wakabaki na viwanja vyao, na juu ya viwanja hivyo wakajenga nyumba za vyumba vingi vya kupangisha. Nyumba zimebanana kiasi kwamba Wachina huziita majengo ya kupeana mikono: ukifungua dirisha unaweza kumshika mkono jirani wa jengo la pili. Wanaopanga humo ni wafanyakazi waliotoka mikoa mingine ya China, na baadhi yao ni wageni kama sisi.

Katika nyumba nyingi za namna hiyo, mteja anayetambuliwa na kampuni ya maji ni mwenye nyumba. Mpangaji ana mita ndogo iliyofungwa na mwenye nyumba, au hana kabisa, na bei ya maji ni ile aliyotajiwa siku ya kukabidhiwa funguo. Chukua mfano wa mpangaji aliyetozwa yuan 5 kwa uniti wakati wa bei hizo za 2012. Huyo alilipa zaidi ya mara mbili na nusu ya bei ya ngazi ya kwanza. Tena alilipa kuliko ngazi ya tatu, ile iliyowekwa kwa wenye matumizi makubwa. Aliishi chumba kimoja, alifua kwenye beseni, lakini kwenye maji alihesabiwa kuliko tajiri.

Hatusemi kila mwenye nyumba ni mlanguzi. Pampu ya kupandisha maji kwenye tangi la juu hutumia umeme, mabomba huvuja, na wapo wapangaji wanaohama usiku bila kulipa. Lakini nafuu aliyokusudiwa mpangaji inaishia mlangoni kwa mwenye nyumba. Serikali yenyewe imeliona hilo, ndiyo maana katika vijiji vya mjini imekuwa ikibadilisha mabomba na kufunga mita zinazosomwa na kampuni hadi kwa mtumiaji wa mwisho. Kazi hiyo haivutii macho kama bomba la Xijiang, na hakuna anayeikatia utepe. Hata hivyo, kwa mpangaji, hiyo ndiyo sera yenyewe.

Phnom Penh na Manila

Asia ina miji iliyolielewa jambo hili mapema. Mwaka 1993 mamlaka ya maji ya Phnom Penh, Kambodia, ilikuwa hoi baada ya vita. Ilihudumia sehemu ndogo tu ya wakazi, maji yalitoka kama saa 10 kwa siku, na asilimia 72 ya maji yaliyozalishwa yalipotea au hayakulipiwa. Mwaka huo Ek Sonn Chan akapewa kuiongoza. Alifunga mita kila mahali na kuwadai wakubwa sawa na wadogo. Amesimulia mwenyewe jinsi alivyoelekezewa bastola alipokwenda kwa ofisa mkubwa wa jeshi kwa ajili ya mita. Mwaka 2006 alipewa Tuzo ya Ramon Magsaysay. Kufikia mwaka 2010 maji yalitoka saa 24, na upotevu ulikuwa umeshuka hadi karibu asilimia 6.

Tunalolitilia mkazo ni namna walivyomfikia maskini. Waligundua kwamba maskini hashindwi na ankara ya mwezi. Anashindwa na gharama ya kuvutiwa maji, ambayo hudaiwa kwa mkupuo. Basi gharama hiyo ikaruhusiwa kulipwa kwa awamu, na kaya maskini zikapewa ruzuku ya asilimia 30, 50, 70 au hata 100 kulingana na hali zao. Ruzuku ilikwenda kwenye mita, si kwenye maneno.

Manila ilipita njia nyingine. Mwaka 1997 huduma ya maji ilikabidhiwa kampuni binafsi mbili, Manila Water mashariki na Maynilad magharibi. Mitaa ya mabanda ilikuwa na kikwazo cha karatasi: bila hati ya ardhi huunganishiwi maji. Mpango wa Manila Water uitwao Tubig Para sa Barangay ulilegeza sharti hilo, na majirani wakaweza kuunganishwa kwa kikundi. Upungufu wake unafanana na wa Guangyuan Xilu: kaya nyingi zikichangia mita moja, matumizi yao yanajumlishwa na kupandishwa ngazi kana kwamba ni ya tajiri mmoja.

Mifuko mitatu

Fedha za maji hutoka mifuko mitatu: ankara za wateja, kodi za wananchi, na misaada kutoka nje. Mkopo si mfuko wa nne, kwa sababu lazima ulipwe kutoka mojawapo ya hiyo mitatu. Benki ya Maendeleo ya Asia, yenye makao makuu Manila, ilipitisha sera yake ya maji kwa wote mwaka 2001, na baadaye ikapanga kuongeza uwekezaji hadi zaidi ya dola bilioni 2 kwa mwaka. Fedha ni nyingi, ila mikopo mikubwa hupenda vitu vikubwa: mabwawa, mitambo na mabomba ya kipenyo kipana. Mita 20 za mwisho kuelekea kwa mpangaji hazina mwenyewe.

Indonesia ilijaribu kuurekebisha mwelekeo huo. Katika mpango ulioanza mwaka 2010 kwa fedha za Australia, serikali za mitaa zilitangulia kutumia fedha zao kuziunganishia maji kaya zenye kipato kidogo. Zilirejeshewa baada ya kuthibitishwa kwamba maji yanatoka kweli. Fedha zilifuata bomba linalotoa maji, hazikutangulia ahadi.

Na kwetu je?

Walimu wetu hutukumbusha kwamba lugha huhifadhi mambo ambayo ripoti huyasahau. Kiswahili kina ndoo, dumu, mtungi, boza, mkokoteni na simtanki. Wingi wa maneno hayo ni ushahidi kwamba watu wetu wengi hupata maji bila mita. Dar es Salaam, bei ya nyumbani kwa miaka kadhaa ilikuwa Sh 1,663 kwa uniti. Anayenunua ndoo kwa Sh 100 analipa Sh 5,000 kwa uniti hiyohiyo, mara tatu ya bei hiyo ya bombani. Nairobi ilipofungua mashine za maji za kadi katika mitaa kama Mathare mwaka 2015, mtungi wa lita 20 uliuzwa senti 50. Kwa mchuuzi anayeuza Sh 5, maji yaleyale ni ghali mara kumi.

Mifuko tunayo. Tanzania ina Mfuko wa Taifa wa Maji, unaochangiwa na tozo ya mafuta ya magari, na Kenya ina mfuko wake uliozaliwa na Sheria ya Maji ya 2002. Kwa hiyo kila mradi mpya unapotangazwa tunapendekeza wasomaji wetu waulize mambo manne. Ni kaya ngapi zitakazopata mita kwa majina yao? Gharama ya kuvutiwa maji inalipwa kwa awamu au kwa mkupuo? Asiye na hati ya kiwanja ataunganishwa vipi? Na mpangaji, je, ataiona ankara kwa macho yake?

Swali la mwisho ndilo linalosahaulika zaidi, maana sera nyingi hudhani kila mtu anaishi kwake. Wanafunzi, wachuuzi, mafundi na vibarua wengi wa miji yetu ni wapangaji, na asiyeiona ankara hana pa kulalamikia. Tungependa maswali haya manne yafike kwenye kila darasa la sera na la uchumi ambako wanachama wetu wanasoma, na yaulizwe kwa Kiswahili, lugha ambayo mpangaji mwenyewe anaweza kuyajibu.