Ukaidi Unaoanzia Tumboni

Mtoto wa miaka miwili na nusu anaitwa akae kwenye poti. Anakataa. Anakalishwa kwa nguvu, analia, anajinyoosha mwili mzima, ananyanyuka bila kutoa kitu. Muda si muda ametoweka. Anayemtafuta anamkuta nyuma ya nyumba, ameshika ukuta, kasimama kwa ncha za vidole, miguu kaibana, uso umemwiva na jasho linamtiririka. Mama anasema, "Anasukuma huyo." Shangazi mtu anasema, "Jeuri tu, mchape." Wote wawili wamekosea. Mtoto huyo hasukumi, anazuia.

Tofauti kati ya kusukuma na kuzuia ndiyo ufunguo wa tatizo linalowachosha wazazi wengi, wa Kiomboi, Manyoni, Singida mjini na kwingineko duniani. Mtoto anaweza kuwa ameshajua kusema "kojo" na hata kwenda mwenyewe kwa haja ndogo, lakini ikifika haja kubwa anagoma, anadai avalishwe pampasi, au anajificha. Mara nyingi mgomo huo una sababu ndani ya mwili.

Kazi mojawapo ya utumbo mpana ni kufyonza maji. Kinyesi kinachobaki ndani kwa siku kadhaa hukauka, hugandamana na kuwa kikubwa. Siku kikitoka kinauma, na pengine kinachana ngozi ya njia ya haja na kuacha damu kidogo. Mtoto hajui habari za utumbo, ila anakumbuka maumivu, na anakumbuka alikuwa amekaa wapi yalipompata. Safari ijayo anabana. Kadiri anavyobana, choo kinazidi kuwa kigumu, na kadiri kinavyokuwa kigumu, hofu yake inapata ushahidi mpya.

Mzunguko huo ukiendelea kwa wiki au miezi, sehemu ya mwisho ya utumbo, yaani rektamu, hutanuka na kulegea kama mpira wa kaptura uliovutwa mno. Mtoto haisikii tena haja mapema. Uchafu wa majimaji hupenya kando ya kile kigumu na kuchafua chupi mara kadhaa kwa siku. Hapo baadhi ya wazazi hudhani ni kuhara, wakatafuta dawa ya kuzuia kuhara, na hali ikawa mbaya zaidi. Wengine hudhani ni uchafu wa makusudi. Mtoto mwenyewe hakuhisi chochote kikitoka.

Daktari wa watoto Bruce Taubman wa Philadelphia, Marekani, alifuatilia watoto 482 waliokuwa wakifundishwa kutumia choo, akachapisha matokeo yake mwaka 1997. Asilimia 22 walipitia kipindi cha angalau mwezi mmoja cha kukojoa vizuri chooni huku wakikataa kabisa kutoa haja kubwa hapo. Mwaka 2004 yeye na wenzake, wakiongozwa na Nathan Blum, walitazama kipi hutangulia, choo kigumu au mgomo. Miongoni mwa watoto waliokuwa na matatizo yote mawili, zaidi ya tisa katika kila kumi walianza kwa choo kigumu, kisha ndipo wakaanza kugoma.

Afrika Mashariki ina ushahidi wake katika elimu hii. Mwaka 1977 Marten deVries na Rachel deVries walichapisha katika jarida la Pediatrics utafiti kuhusu Wadigo wa pwani ya Kenya. Mama wa Kidigo alianza kumzoesha mtoto katika wiki za kwanza za maisha. Alikaa chini nje ya nyumba, miguu ameinyoosha, akampakata mtoto katikati ya miguu yake akitazama mbele, kisha akatoa sauti ya "shuu" inayofanana na mkojo unaotoka. Mtoto akikojoa, alinyonyeshwa au kukumbatiwa. Kwa haja kubwa alikalishwa juu ya nyayo za mama, wakitazamana, mama akiwa amekunja miguu. Kufikia miezi mitano au sita, wengi walikuwa wakikaa wakavu kwa kiasi kikubwa, mchana na usiku.

Takwimu hizo ziliwashangaza madaktari wa Magharibi. Miaka 15 kabla yake, mwaka 1962, daktari wa watoto T. Berry Brazelton alikuwa ameripoti kuhusu watoto 1,170 wa Massachusetts, Marekani, ambao wastani wao wa kuacha nepi mchana ulikuwa miezi 28.5. Brazelton alishauri mzazi asubiri mtoto aonyeshe dalili za kuwa tayari. Mama wa Kidigo hakusubiri. Lakini njia hizo mbili zina jambo moja linalofanana: hakuna aliyemlazimisha mtoto. Mama wa Kidigo alikuwa na mtoto mwilini karibu muda wote, akazijua dalili zake, akaitikia papo hapo, na mtoto alipokosea hakuadhibiwa. Wataalamu wa malezi nchini Tanzania wanauita mwenendo wa namna hiyo malezi yenye mwitikio, na ni mojawapo ya nguzo za Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021.

Singida ina mambo yake yanayoweza kuukuza au kuupunguza mgomo huu. La kwanza ni chakula. Ugali wa uwele au mtama usiokobolewa, mlenda, majani ya kunde na maharage vina nyuzinyuzi zinazoshika maji na kukifanya choo kiwe laini. Mtoto anayeshinda na uji wa sembe nyeupe, mkate na biskuti anazikosa. La pili ni maji. Mkoa huu ni wa nusu ukame, na kati ya Mei na Oktoba mvua ni haba mno. Maji yakifuatwa mbali, ni rahisi mtu mzima asahau kwamba mtoto hajanywa tangu asubuhi. La tatu ni maziwa. Mwaka 1998 Giuseppe Iacono na wenzake wa Palermo, Italia, waliwachunguza watoto 65 ambao choo chao kigumu hakikusikia dawa, na 44 walipata nafuu walipopewa maziwa ya soya badala ya ya ng'ombe. Matokeo hayo hayamfanyi kila mfugaji amwachishe mwanawe maziwa, ila yanaonyesha kwamba mtoto anayejaza tumbo kwa vikombe vya maziwa na kuacha mboga anahitaji kutazamwa.

Kisha kuna choo chenyewe. Iramba, wilaya ya mkoa huu, ilikuwa miongoni mwa wilaya 10 zilizoingizwa katika mradi wa usafi wa mazingira vijijini uliobeba kauli ya "Choo Bora Chawezekana". Tathmini yake ilionyesha kwamba kaya zilizojisaidia ovyo zilikuwa asilimia 23.1 mahali ambapo kampeni haikufika, na asilimia 11.1 ilikofika. Ni hatua kubwa. Hata hivyo, choo kinachomfaa baba kinaweza kumtisha mtoto wa miaka mitatu: ndani giza, inzi, harufu, na tundu pana kuliko hatua yake. Hofu ya kutumbukia ina msingi. Sakafu yenye tundu jembamba na mahali pa kukanyagia palipo karibu, mlango ukiachwa wazi na mtu mzima akisimama hapo, humwondolea mtoto nusu ya vita. Kabla ya hapo poti inatosha, mradi kinyesi kimwagwe chooni. Kutupwa kwa jembe kichakani hakufai, kwa sababu kinyesi cha mtoto nacho hubeba vimelea vya magonjwa.

Kuchuchumaa kwenyewe ni faida. Kuna msuli unaoizunguka rektamu na kuipinda. Mtu akichuchumaa, msuli huo hulegea, njia ikanyooka. Dov Sikirov wa Israel aliwapima watu wazima 28 mwaka 2003: walipochuchumaa walitumia wastani wa sekunde 51, na walipokaa kwenye choo cha kawaida cha kukalia, sekunde 130. Kwa hiyo poti iwe fupi kiasi cha nyayo kukanyaga chini, na kwenye choo cha kukalia mtoto awekewe kigoda cha miguu.

Kwa mtoto aliyekwisha goma, hatua ya kwanza ni kusimamisha mafunzo kwa wiki kadhaa na kumrudishia nepi bila masimango. Kazi ya kipindi hicho ni kulainisha choo: maji, papai, embe, mboga, na dawa kama laktulosi mhudumu wa afya akiona inafaa. Kumwingizia kipande cha sabuni kwenye njia ya haja kunaongeza hofu ileile inayotakiwa iondoke. Choo kikishakuwa laini, mtoto aalikwe kwenye poti dakika chache baada ya chakula, kwa kuwa tumbo likipokea chakula huusukuma utumbo mpana ufanye kazi. Akikataa, aachwe aende kucheza.

Maneno nayo yana uzito. Mwaka 2003 Taubman na wenzake waliwaelekeza wazazi waache kukiita kinyesi kitu cha kuchukiza, na wamsifu mtoto anapojisaidia hata kwenye nepi. Idadi ya watoto waliogoma haikupungua, lakini mgomo wao ulikwisha mapema zaidi. Bakora, na nyimbo za kumzomea kikojozi, huvuta upande wa pili: zinampa mtoto sababu ya ziada ya kujificha na kubana. Kukojoa kitandani usiku ni jambo jingine kabisa. Takriban asilimia 15 ya watoto wa miaka mitano bado hukojoa, na wengi huacha wenyewe.

Zipo dalili ambazo hazingoji: tumbo kuvimba na kutapika, damu nyingi, kulia wakati wa kukojoa, kiu isiyoisha, miguu kudhoofika, au mtoto ambaye choo chake cha kwanza kilichelewa zaidi ya saa 48 baada ya kuzaliwa. Huyu wa mwisho huenda ana ugonjwa wa Hirschsprung, ambapo kipande cha utumbo hukosa neva, na tiba yake ni upasuaji. Kwa wengine, dawa ya kulainisha huhitajika kwa miezi, kwa sababu rektamu iliyotanuka hujirudi polepole; kuiacha mara choo kinapolainika ndiko kunakorudisha tatizo. Mzazi anayekwenda zahanati aende akijua mtoto anapata choo mara ngapi kwa wiki, kigumu kiasi gani, kama analia, kama chupi huchafuka, na anakula na kunywa nini. Majibu hayo matano yanamsaidia mhudumu kujua pa kuanzia.