Maskani ya Mtumiaji na Uhaba wa Nafasi katika Mifumo ya Unix

Katika makala haya tunanuia kueleza jinsi mifumo ya Unix na jamaa zake, hasa Linux, inavyowagawia watumiaji nafasi ya kuhifadhia kazi zao, na yanayotukia nafasi hiyo inapokwisha. Huenda msomaji akauliza: haya yanamhusu nini mwanafunzi wa Kiswahili? Jibu letu linatokana na mkasa. Miaka kadhaa iliyopita, mwandishi wa makala haya alikuwa akiandika tasnifu yake kwenye seva iliyotumiwa na wanafunzi wengi. Usiku mmoja aliihifadhi sura ya pili, akaenda kulala. Kulipokucha jina la faili lilikuwapo, lakini ndani hamkuwa na hata herufi moja. Hakuna aliyeifuta. Diski ilikuwa imejaa.

Chanzo chake ni hiki. Baadhi ya programu, zinapohifadhi faili ya zamani, kwanza huyafuta yaliyomo, kisha huandika upya. Diski ikiwa imejaa, ile nafasi ndogo iliyoachwa wazi huweza kunyakuliwa papo hapo na programu nyingine. Kufuta kukafaulu, kuandika kukashindikana.

Katika Unix kila mtumiaji hupewa saraka yake. Wengi huiita saraka ya nyumbani. Sisi twapendelea kuiita maskani, kwa kuwa ni neno moja na linajitosheleza. Katika Linux maskani hizi aghalabu huwa chini ya /home, na mkato wake ni alama ya kiwimbi, ~. Mambo hayakuwa hivyo tangu awali. Katika miaka ya mwanzo ya mfumo huu, ulioasisiwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell mnamo 1969, maskani za watumiaji zilikuwa chini ya /usr. Diski ya mfumo ilipojaa, programu zake zikamiminikia humo, na hatimaye wenyeji ndio waliohama! Hadi leo /usr ni makao ya programu, ilhali jina lake lingali linamtaja mtumiaji.

Kuna amri mbili za kupimia. Amri ya df huonyesha hali ya diski nzima. Du hupima saraka moja moja. Wengi huandika du -sh ~/* wakadhani wameona yote, kumbe alama ya nyota haizigusi faili ambazo majina yake huanza kwa nukta, na huko ndiko vivinjari hulimbikiza nakala za kurasa kimyakimya. Ni heri kutumia du -hd1 ~, ambayo huzijumuisha saraka hizo fiche. Kwa amri ya du ndipo ilipogunduliwa kwamba maskani ya mwenzetu mmoja ilisheheni filamu, tena nyingine nakala mbilimbili.

Wakati mwingine df na du hazikubaliani. Faili iliyofutwa huku programu fulani ingali imeifungua hupoteza jina lake tu. Nafasi yake hairejeshwi hadi programu hiyo iifunge. Hali kadhalika, diski yaweza kukataa faili mpya ilhali ina nafasi tele, kwa kuwa inodi, yaani kumbukumbu inayotunzwa kwa kila faili, zimekwisha. Hizo hutazamwa kwa df -i.

Dawa ya yule mwenye filamu ni mgao. Utaratibu huu uliingia katika Unix ya Berkeley, toleo la 4.2BSD, mnamo 1983. Mtumiaji huwekewa vikomo viwili. Kikomo laini aweza kukivuka kwa muda, kwa kawaida siku 7 katika Linux, kisha huzuiwa kuandika zaidi. Kikomo kigumu hakivukiki kamwe. Wapo wanaoulalamikia mgao kuwa ni ubahili wa wasimamizi. Sisi tulioipoteza sura nzima hatuoni hivyo. Bila mgao, maskani moja yaweza kuzifunga zote. Mifumo ya faili ya ext4 hutenga asilimia 5 ya diski kwa ajili ya msimamizi, ili walau yeye apate pa kusimama. Mtumiaji wa kawaida hana akiba hiyo.

Jambo la mwisho huwahusu wanaohitimu. Amri ya userdel, isipoongezewa -r, huiondoa akaunti na kuiacha maskani. Faili hizo hubaki na nambari ya mwenyewe, si jina lake. Mgeni atakayepewa nambari iyo hiyo mwaka ujao atazirithi zote: rasimu, barua na mahojiano ya watu walioahidiwa usiri. Kabla ya kuigawa nambari hiyo upya, msimamizi hana budi kuzisaka faili zisizo na mwenyewe kwa amri ya find / -nouser, naye mhitimu azichukue zake angali na ufunguo wa kuingilia.