Vumbi la Ghalani na Utando wa Njia ya Hewa

Msimu wa mavuno ufikapo katika nyanda za juu za Kasulu na Kibondo, maghala ya vyama vya msingi hupokea kahawa, tumbaku, mahindi na maharagwe. Magunia hushushwa, hupimwa mzanini na kupangwa upya, na kila hatua huinua vumbi. Imeenea nchini imani kwamba maziwa husafisha kifua cha mtu afanyaye kazi vumbini, na si ajabu fedha za maziwa kuombwa katika makisio ya msimu. Kabla ya kuzipitisha, yafaa wajumbe wafahamu jinsi njia ya hewa ilivyoumbwa.

Maziwa hupita katika umio hadi tumboni. Hewa hupita katika bomba jingine lililo mbele ya umio, lenye pete 16 hadi 20 za gegedu zisizofunga duara upande wa nyuma. Tone la maziwa likipotea njia na kuingia humo, mtu hupaliwa na kukohoa mpaka litoke. Maziwa ni chakula bora, lakini hayafiki penye vumbi.

Kinachosafisha bomba hilo ni utando wake wa ndani. Ukitazamwa kwa hadubini, huonekana seli ndefu zilizosimama bega kwa bega, na juu ya kila moja vinywele vipatavyo 200. Katikati yake zimo seli zenye umbo la bilauri, zitoazo ute. Vumbi hunasa katika ute huo, navyo vinywele, vikipiga mara 10 hadi 20 kwa sekunde, huusukuma kuelekea kooni, ambako humezwa au hutemwa. Ni mithili ya shamba la ulezi lipigwalo na upepo, ila upepo huu huelekea upande mmoja tu, usiku na mchana.

Kadiri matawi ya bomba yanavyozidi kuwa membamba, gegedu hutoweka, na hubaki misuli iwezayo kuyabana. Hapo ndipo pumu humkamata mgonjwa. Mwisho wa matawi viko vifuko vya hewa, milioni 300 au zaidi, ambavyo kuta zake zikitandazwa hufikia takriban meta 70 za mraba. Ukuta utenganishao hewa na damu haufiki unene wa sehemu moja ya elfu ya milimita. Huku hakuna vinywele wala ute. Ziko seli bapa zipitishazo oksijeni, seli nene zitoazo majimaji yazuiayo vifuko visinywee, na seli walaji zizungukazo zikimeza uchafu.

Chembe kubwa za makapi hunaswa puani. Zile ndogo mno, zisizoonekana kwa macho, ndizo zifikazo vifukoni, na seli walaji zikizidiwa, uvimbe huanza. Mwaka 2011 watafiti wa Muhimbili na wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norwei, walichapisha uchunguzi wao juu ya viwanda vya kahawa mkoani Kilimanjaro: kikohozi kilionekana zaidi kwa wafanyakazi wa kahawa kuliko kwa wenzao wa kazi nyingine.

Mvutaji sigara huingia ghalani akiwa amekwisha kupoteza ulinzi. Moshi hulemaza vinywele, seli za ute huongezeka, na mahali pengine utando wote hugeuka kuwa bapa kama ngozi. Kwa kuwa ute hausukumwi tena, hubaki kukohoa tu. Mkulima wa tumbaku aliuze jani lake, halazimiki kulivuta.

Fedha ya maziwa basi ingefaa zaidi kununua barakoa zichujazo vumbi laini, kwa maana kitambaa huzuia chembe kubwa tu. Madirisha yafunguliwe pande zote mbili za ghala, sakafu tupu inyunyiziwe maji kabla ya kufagiliwa, na wapagazi wapokezane zamu karibu na mashine ya kukoboa. Anayekohoa kwa majuma mawili au zaidi asiambiwe kuwa ni vumbi tu. Katibu ampe ruhusa aende zahanati kohozi lake lipimwe, kwani kifua kikuu nacho huanza hivyo hivyo, na ghala lililofungwa ni mahali pepesi pa kukiambukiza.