Gari la umeme Kariakoo: Maswali ya mmiliki mpya, kuanzia soketi hadi LUKU

Magari ya umeme yaliyotumika, hasa Nissan Leaf kutoka Japan, yanashuka bandari ya Dar es Salaam kama zilivyoshuka Vitz na IST. Tofauti ni moja. Ukitoa IST bandarini unatafuta sheli. Ukitoa Leaf unatafuta soketi.

Na kwa anayeishi Kariakoo, Gerezani, Ilala au Upanga, soketi ndiyo shughuli yenyewe. Gari liko chini barabarani, wewe uko ghorofa ya nne, na mita ya LUKU mnachangia wapangaji sita. Tumeyajibu maswali yanayowasumbua wamiliki wapya, tukianza na yale yanayoweza kukuunguzia nyumba.

Naweza kuchomeka kwenye soketi ya kawaida?

Ndiyo, ila si soketi yoyote na si kwa waya wowote.

Soketi zetu za pini tatu ni za ampea 13, umeme wa volti 230. Waya wa kuchajia uliotengenezwa kwa ajili ya soketi hiyo huvuta kama ampea 10, yaani kilowati 2.3. Hapo hujazidi birika la umeme. Lakini birika linachemka kwa dakika chache, gari linavuta saa nane mfululizo. Soketi iliyolegea au waya mwembamba ndani ya ukuta unaweza kuvumilia birika miaka kumi bila wewe kujua. Gari litaufichua usiku mmoja, plastiki ikianza kulainika umelala.

Jaribu hivi: chaji nusu saa, zima swichi, kisha shika plagi. Ikiwa na uvuguvugu, sawa. Ikiwa huwezi kuishikilia, acha kuchaji na ita fundi.

Mtego mkubwa zaidi uko kwenye buti la gari. Leaf nyingi za Japan huja na waya wao wa volti 200 wenye plagi ambayo haiingii kwenye soketi zetu. Fundi wa mtaani anakata plagi ile, anafunga ya pini tatu, kazi imeisha. Haijaisha. Waya ule huvuta hadi ampea 15, na plagi uliyofungiwa ni ya 13. Fyuzi inaweza isikatike upesi, ikabaki inapika tu. Kama unautumia waya wa aina hiyo, fungiwa soketi ya bluu ya viwandani ya ampea 16, yenye waya wake peke yake kutoka kwenye breka. Mambo mengine yasichomekwe hapo.

Soma pia kibandiko cha kile kiboksi kilicho katikati ya waya. Kikisema volti 100 tu, usithubutu. Waliowahi kununua redio ya mtumba ya Japan na kuichomeka bila transfoma wanakumbuka ule moshi.

Nimechomeka, taa nyekundu inawaka, haichaji

Mara nyingi gari halina ubovu wowote. Ni nyumba haina eathi.

Kiboksi cha waya wa kuchajia hukagua kwanza kama soketi ina waya wa ardhini unaofanya kazi. Kisipouona, wengi wao hugoma. Nyumba za zamani za katikati ya jiji zina soketi za pini tatu ambazo pini ya tatu haijaungwa popote. Friji na televisheni haziulizi, gari linauliza. Usikubali fundi "aidanganye" kwa kuunganisha eathi na nyutro, maana siku nyutro ikikatika bodi ya gari lenyewe inaweza kukurusha. Zika nondo ya eathi, na umtumie fundi mwenye leseni ya EWURA.

Na ile stabilaiza ya friji unayoitegemea haitakusaidia hapa. Nyingi zinamudu wati 1,000 au pungufu, na gari linataka zaidi ya mara mbili yake.

Kama taa si nyekundu lakini gari bado halichaji, angalia taima. Mmiliki wa kwanza huko Japan huenda alilipangia kuanza saa 7 usiku, na saa ya gari bado inasoma ya kwao, ambayo iko mbele yetu kwa saa sita. Basi gari litakaa kimya hadi saa 1 jioni ya huku. Watu wamelipa mafundi kwa tatizo la kubonyeza kitufe.

Nakaa ghorofani. Nishushe ekstensheni dirishani?

Hapana.

Ekstensheni za bei ya chini zinazouzwa zimepangwa chini barabarani huwa na waya mwembamba kuliko maandishi yake. Ukiiacha imezungushwa kwenye gurudumu lake, joto halina pa kutokea. Ikishuka ukutani inakutana na mvua, na chini inakutana na mikokoteni, bodaboda na watoto. Kariakoo haihitaji kuelezwa habari za moto. Julai 10, 2021 soko kuu liliungua, na wafanyabiashara walipoteza mali wakitazama.

Basi uchaji wapi? Kwa wengi wa katikati ya jiji jibu ni mahali ambapo gari linalala au linashinda palipo na ukuta na mlinzi: stoo, yadi ya kampuni, maegesho ya kulipia, au nyumbani kwa ndugu Kimara unakolala Jumamosi. Vituo vya kuchaji vya umma jijini bado ni vya kuhesabu, kwa hiyo usinunue gari kwa kutegemea kituo ambacho hujakiona kwa macho yako kikichaji gari la aina yako.

Ukikubaliana na mwenye maegesho, mpigieni hesabu pamoja. Kilowati 2.3 kwa saa nane ni uniti 18 na kitu. Kwa bei ya kawaida ya takriban Sh356 kwa uniti, huo ni umeme wa karibu Sh6,500. Akikwambia "lete buku tano kwa usiku" hajui kwamba anakulipia. Akija kujua, atakufukuza. Bora mfunge mita ndogo, ile wenye nyumba wanayoiita sabmita, kila mtu aone namba.

Wapangaji wenzangu watanielewa kwenye LUKU?

Hili linawagusa wengi kuliko suala la teknolojia, kwa hiyo tulitazame kwa shilingi.

Leaf kwenye foleni za Dar, kiyoyozi kikiwaka, tukadirie inakwenda kilomita 5 hadi 6 kwa uniti moja. Mtu anayetembea kilomita 30 kwa siku, kwenda na kurudi, anahitaji uniti 5 au 6. Kwa siku 26 za kazi ni uniti kama 140 kwa mwezi.

Sasa kumbuka madaraja ya TANESCO. Nyumba yenye matumizi madogo, yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, iko D1 na inalipa Sh100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, yaani Sh122 ukijumlisha. Ukizidi mara kwa mara unahamishiwa T1, ambako bei iliyopitishwa na EWURA mwaka 2016 ni Sh292, na ukiongeza VAT, REA na tozo ya EWURA inafika takriban Sh356.

Watu hawalioni hili hadi liwakute: gari haliongezi tu uniti zake. Linapandisha bei ya uniti za nyumba nzima. Kama mlikuwa mnatumia uniti 70 kwa taa, feni na friji, mlilipa kama Sh8,500. Uniti hizohizo 70 zikiwa T1 ni karibu Sh25,000. Hao wenzako wameongezewa Sh16,000 kwa mwezi kwa gari ambalo hawajawahi kupanda. Kabla mama mwenye nyumba hajakuita kikao, nenda wewe. Omba mita yako mwenyewe TANESCO kwa ridhaa yake, au lipia tofauti yote, si uniti za gari peke yake.

Hata hivyo, kwako bado inalipa. Safari ya kilomita 30 inakugharimu kama Sh2,000 za umeme. Gari la petroli linalokwenda kilomita 12 kwa lita litakunywa lita mbili na nusu. Bei ya lita unaijua, EWURA huitangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi.

Nikichaji usiku wa manane ni rahisi?

Kwa mteja wa kawaida, bei ni ileile saa zote. Kenya walianzisha mwaka 2023 bei maalumu ya umeme wa vyombo vya usafiri, Sh16 za kwao kwa uniti na nusu yake saa ambazo matumizi ni madogo. Huku T1 haijui usiku wala mchana.

Sababu ya kuchaji usiku ni nyingine. Saa 1 hadi saa 4 usiku majiko, pasi na viyoyozi vyote viko kazini, umeme unashuka, na breka ya nyumba inatripu. Subiri watu walale. Tazama pia uniti zilizobaki, maana LUKU ikiisha saa 9 usiku asubuhi utakuta gari liko nusu na friji inavuja.

Umeme ukikatika katikati hakuna kinachoharibika, gari linaacha tu kuchaji na mara nyingi linaendelea wenyewe ukirudi. Kama mtaa wenu umeme hurudi kwa kishindo, chomoa, kisha chomeka baada ya dakika kadhaa.

Kichwa cha chaja hakiingii kwenye gari

Kwenye simu tulihangaika miaka kati ya pini nyembamba, pini ya Nokia na Type-C. Magari yako kwenye hatua hiyo.

Leaf ya Japan ina matundu mawili puani: dogo la Type 1 kwa umeme wa nyumbani, na kubwa la CHAdeMO kwa chaji ya haraka. Magari ya Ulaya hutumia Type 2 na CCS2. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la China hutumia GB/T, na hapa kuwa macho: tundu la GB/T la umeme wa nyumbani linafanana sana na Type 2, lakini pini ziko kinyume. Muuzaji anaweza kukuuzia waya kwa kuutazama tu. Nenda dukani na picha ya tundu la gari lako kwenye simu, au nenda na gari.

Adapta ya chaji ya kawaida ni kitu kidogo. Adapta ya chaji ya haraka ni nzito, ghali, na hupitisha umeme mkubwa sana. Ya kubahatisha usiiguse.

Mbona gari haliungi na simu, na redio inaishia 90?

Redio ni jambo la zamani. FM ya Japan inaanza 76, kwa hiyo utahitaji kile kifaa cha kuongeza masafa kinachofungwa kwenye magari yote ya Japan hapa mjini. Ramani itakuonyesha Japan tu, tumia ya simu. Bluetooth ya kupigia simu kwa kawaida inakubali.

Programu ya kampuni, ile ya kuangalia chaji ukiwa mbali, ndiyo usiihesabie. Laini iliyofungwa ndani ya gari ni ya mtandao wa Japan, na hotspoti ya bando lako haiwezi kushika nafasi yake. Si sisi tu: Uingereza, Nissan ilizima huduma hiyo kwa Leaf za zamani mwaka 2024 kwa sababu zilitegemea 2G. Mengine ya China hudai namba ya simu ya China ili kufungua akaunti.

Kama gari lako ni jipya na huduma inafanya kazi, futa akaunti ya mtu wa kwanza kabla ya yote. Mwaka 2016 mtaalamu Troy Hunt alionyesha kwamba kwa kuijua namba ya chasi tu mtu angeweza kuwasha kiyoyozi cha Leaf ya mwingine na kuona taarifa za safari zake. Nissan ikalazimika kuiondoa programu hiyo kwa muda.

Kitakachokufaa zaidi ni kifaa kidogo cha Bluetooth cha kuchomeka kwenye tundu la uchunguzi la gari, pamoja na programu ya LeafSpy. Itakwambia betri imebaki na asilimia ngapi ya uwezo wake. Fanya hivyo kabla ya kulipa. Dashibodi nayo ina vistari 12 vya afya ya betri, na cha kwanza hakizimi hadi uwezo uwe umepungua kwa takriban asilimia 15. Leaf haina mfumo wa maji wa kupoza betri, kwa hiyo kwa joto la Dar tafuta kivuli, na usiiache siku nyingi ikiwa imejaa pomoni au imekauka.

Chaji ipo asilimia 70, gari haliwaki kabisa

Batri ndogo ya volti 12 imekufa. Gari la umeme nalo linayo, ndiyo inayoamsha kompyuta. Bustiwa kama gari lolote, kisha nunua mpya.

Jangwani ikijaa, nipite?

Usipite. Betri kubwa imezibwa vizuri, lakini maji yakifika sakafuni usichomeke chaja hadi fundi alikague, hata kama gari linawaka.