Kabla Hujaandika Barua ya Kuacha Kazi

Anayetaka kuacha kazi afungue biashara huwatazama waliofanikiwa: mwenye maghala Kariakoo, mwenye malori yanayovuka Tunduma. Walioshindwa hawaonekani, maana fremu zao zimeshapangishwa wengine. Ndiyo sababu matarajio ya kipato huzidi hali halisi.

Mchumi Barton Hamilton alilipima jambo hili nchini Marekani na kuchapisha matokeo mwaka 2000. Mfanyabiashara wa katikati, yule ambaye nusu ya wenzake wanamzidi na nusu anawazidi, akishatimiza miaka 10 alipata takriban asilimia 35 pungufu ya ambacho angelipwa kama angekuwa ameajiriwa. Wachache wa juu walipata kingi mno, na hao ndio wanaopandisha wastani. Kwa hiyo ukitaka kujua utakachopata, muulize mwenye duka la kawaida, kisha umtafute na aliyefunga.

Tupige hesabu. Mwajiriwa anapokea shilingi 600,000 kwa mwezi na ana akiba ya milioni 6. Akifungua duka kwa akiba hiyo, tuseme kila mwezi atauza bidhaa za milioni 4 alizonunua kwa milioni 3.2. Zinabaki 800,000. Toa kodi ya fremu 150,000, kisha umeme, leseni na kodi ya serikali 100,000. Mkononi ana 550,000. Wengi wataiita faida. Lakini ameacha mshahara wa 600,000, na akiba yake ingekuwa kwenye hatifungani ya riba ya asilimia 10 ingemletea 50,000 kila mwezi. Kwa hakika anapungukiwa 100,000, kabla hajaugua wala kuibiwa.

Sisemi watu wasithubutu. Nasema kuthubutu hakutokani na moyo peke yake. Mwaka 2002 Ufaransa iliwaruhusu wasio na ajira wafungue kampuni bila kupoteza haki ya mafao yao. Kampuni mpya ziliongezeka kwa karibu robo, na watafiti hawakukuta kwamba zilikufa zaidi ya nyingine. Watu walikuwa walewale. Kilichobadilika ni kwamba walikuwa na pa kuangukia.

Kwetu wengi hawana mafao hayo, hivyo kila mtu ajitengenezee kinga yake. Anza jioni na wikendi huku mshahara ukiingia. Tenga matumizi ya nyumbani ya miezi sita, mbali na mtaji. Usiguse ada ya watoto. Kisha andika kiwango cha hasara unachoweza kukibeba; kikifika, funga duka ungali na nguvu ya kuanza tena.